Bawabu Mpya wa Masafa: Historia na Vipindi vya Clouds FM, Dar es Salaam, 1999–2020

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia na vipindi vya Clouds FM, kituo cha redio ya kibiashara kilichoanza kurusha matangazo jijini Dar es Salaam mwaka 1999. Hoja kuu ni kwamba kuja kwa redio za kibiashara hakukuondoa ulinzi wa lango la masafa, bali kulimbadilisha bawabu na vigezo vyake. Kituo hiki kiliwafungulia vijana wa mjini mlango ambao redio ya taifa ilikuwa imeufunga au kuuacha wazi kidogo tu. Wakati huohuo, kwa kuunganisha redio, jukwaa la burudani na mafunzo ya wasanii, kilijenga lango jipya lenye nguvu ya aina yake. Matukio ya mwaka 2017 na 2020 yanaonesha zaidi kwamba bawabu huyo mpya alifanya kazi katika uwanja ambao dola haikuwahi kuuachia.

1.0 Utangulizi

Historia ya utangazaji nchini Tanzania husimuliwa mara nyingi kama safari ya kutoka sauti moja kwenda sauti nyingi. Katika simulizi hiyo, mwaka 1993 ni mpaka: nyuma yake kuna Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) iliyotawala masafa ya Tanzania Bara peke yake, na mbele yake kuna uhuru wa msikilizaji kuchagua. Simulizi hiyo ina ukweli. Hata hivyo, inaacha swali moja bila jibu: katika wingi huo wa vituo, ni nani aliyeamua sauti ipi isikike na ipi isisikike, na aliamua kwa niaba ya nani?

Ili kulijibu swali hilo, makala haya yanaongozwa na Nadharia ya Ulinzi wa Lango. Msingi wake uliwekwa na mwanasaikolojia Kurt Lewin wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alipochunguza namna chakula kinavyosafiri hadi kufika mezani kwa familia. Alibaini kwamba chakula hupita katika njia zenye malango, na kwamba kila lango lina mtu mwenye uwezo wa kukipitisha au kukizuia. Mwaka 1950, David Manning White alilihamishia wazo hilo katika vyombo vya habari kwa kumchunguza mhariri wa gazeti aliyekuwa akichagua habari za kuchapishwa na za kutupwa.

Katika Kiswahili, mlinzi huyo ana jina la siku nyingi: bawabu. Jina hili linaiongezea nadharia jambo muhimu. Bawabu hulinda mlango, lakini nyumba si yake. Anafungua na kufunga kwa amri na kwa masilahi ya mwenye nyumba. Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni nani aliyesimama langoni. Lazima iulizwe pia nyumba ni ya nani, na imejengwa katika kiwanja cha nani. Maswali hayo matatu ndiyo yanayopanga mjadala unaofuata.

Clouds FM imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa vituo vya mwanzo vya kibiashara vilivyojinasibu waziwazi na vijana na burudani badala ya kujaribu kuwa RTD ndogo. Pili, jina lake limefungamana na historia ya muziki wa Bongo Flava kiasi kwamba ni vigumu kulisimulia moja bila jingine.

2.0 Nyumba ya Zamani na Bawabu Wake

Utangazaji wa redio jijini Dar es Salaam ulianza mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, shirika hilo lilivunjwa na mahali pake pakachukuliwa na RTD, ikiwekwa moja kwa moja chini ya wizara. Hatua hiyo ilikuwa na mantiki yake. Nchi changa yenye magazeti machache na watu wengi wasiojua kusoma iliihitaji redio kuwa darasa, mkutano wa hadhara na ngoma ya mgambo kwa wakati mmoja. Mfano mashuhuri ni kampeni ya afya ya mwaka 1973 iliyojulikana kama Mtu ni Afya. Vikundi vya wasikilizaji vilikusanyika vijijini, vikasikiliza kipindi, kisha vikatekeleza kilichoelezwa. Watu takribani milioni 2 walishiriki.

RTD haikuwa mtangazaji tu. Ilikuwa pia studio ya kurekodia. Bendi za muziki wa dansi, nyingi zikiwa chini ya taasisi za umma, zilirekodi nyimbo zao ndani ya kuta zake. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na DDC Mlimani Park ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na wimbo uliokataliwa haukuwa na pa kwenda. Bawabu wa nyumba hii, basi, alikuwa na malango mawili mkononi: lango la kurekodi na lango la kurusha hewani. Vigezo vyake vilieleweka: maadili, umoja wa taifa na Kiswahili sanifu. Kigezo cha mwisho kilipata nguvu zaidi baada ya kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mwaka 1967. Kwa msikilizaji wa kawaida, Kiswahili cha mtangazaji wa RTD kilikuwa kipimo cha usahihi.

Inafaa kusisitiza kwamba matangazo ya biashara hayakuletwa na vituo binafsi. RTD yenyewe ilikuwa na Idhaa ya Biashara, na sabuni ziliuzwa hewani muda mrefu kabla ya soko huria. Tofauti iliyokuja baadaye haikuwa kuwapo kwa tangazo, bali tegemeo la kituo kizima juu ya tangazo hilo.

Mageuzi yalikuja kwa sheria. Mwaka mmoja baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu vituo binafsi na kuunda Tume ya Utangazaji ya kutoa leseni. Radio One ya kampuni ya IPP na Radio Tumaini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam zilianza mwaka 1994. Hata hivyo, mlango ulifunguliwa kwa kipimo. Kituo binafsi kiliruhusiwa kufikia sehemu isiyozidi asilimia 25 ya nchi, ilhali redio ya taifa iliendelea kuifikia nchi nzima. Teknolojia nayo iliiunga mkono sheria: mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na hufifia baada ya makumi ya kilomita, tofauti na mawimbi ya kati na mafupi yaliyobeba RTD hadi mbali. Redio ya kibiashara ilizaliwa ikiwa redio ya mji, na mji huo kwanza ulikuwa Dar es Salaam.

3.0 Kutoka Disko hadi Redio

Chimbuko la Clouds si chumba cha habari, ni disko. Joseph Kusaga alianza na disko la Clouds mjini Arusha katika miaka ya 1980, kisha shughuli hiyo ikahamia Dar es Salaam. Katika kuijenga redio alishirikiana na Ruge Mutahaba, ambaye baadaye alijulikana kama msanifu mkuu wa mwelekeo wa vipindi na miradi ya kampuni.

Chimbuko hili lina uzito wa kihistoria kuliko linavyochukuliwa. Mtangazaji wa RTD alifunzwa kuandika taarifa, kuisoma kwa ufasaha na kuwajibika kwa mhariri. Mpiga disko hufunzwa na sakafu. Akiweka wimbo usiopendwa, watu huketi. Akiweka unaopendwa, sakafu hujaa. Hukumu hutolewa papo hapo na haina rufaa. Clouds FM iliihamishia mantiki hiyo hewani: kipimo cha wimbo au cha mtangazaji kikawa mwitikio wa hadhira, na kituo kikajiita redio ya watu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kwamba redio haiioni sakafu. Katika enzi ya RTD, msikilizaji alijitambulisha kwa kadi ya salamu iliyosafiri kwa posta siku kadhaa. Pengo hilo lilizibwa na simu ya mkononi. Mobitel ilikuwa imeanza mwaka 1994, lakini simu ilikuwa ya wachache. Vodacom ilipoingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, ushindani ulianza kuishusha simu hadi mikononi mwa kijana wa kawaida. Kwa redio, kampuni hizo zilikuwa na faida mbili kwa pamoja: zilimpa msikilizaji njia ya kujibu papo hapo, na zilinunua muda wa matangazo. Pamoja na kampuni za bia, zilikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa wa biashara katika soko jipya. Hivyo, simu ileile iliyomleta msikilizaji studioni ilimgeuza pia kuwa bidhaa. Kituo hakikuuza nyimbo. Kiliwauzia wafanyabiashara masikio ya waliosikiliza nyimbo.

Badiliko la pili lilitokea nje ya redio. Studio binafsi za kompyuta, kama vile MJ Productions ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk, zilivunja ukiritimba wa kurekodi. Kijana hakuhitaji tena bendi, vyombo wala kibali cha maneno ili arekodi. Wimbo ulifika redioni ukiwa umekwisha kukamilika. Kwa hiyo bawabu mpya alipoteza lango la kurekodi, akabaki na lango la kurusha. Lakini kwa kuwa kurekodi kumekuwa rahisi na warekodiji wamekuwa wengi, foleni mbele ya lango lililobaki iliongezeka. Hapo ndipo thamani ya lango hilo ilipopanda.

4.0 Mgawanyo wa Siku na Majina ya Vipindi

Ratiba ya kituo cha kibiashara hufuata nyendo za mjini. Clouds FM iliigawa siku kwa kufuata mahali alipo msikilizaji na mtu anayeweza kumuuzia kitu saa hiyo. Asubuhi kulikuwa na Power Breakfast, kipindi cha mazungumzo na habari kwa watu waliokwama katika foleni za magari na daladala. Baada ya hapo kilifuata Leo Tena, kilichowalenga zaidi wanawake na watu walio majumbani na sehemu za biashara. Mchana uliwekwa kwa XXL, kipindi cha vijana na muziki mpya. Jioni, mji unaporejea nyumbani, kilikuwa kipindi cha Jahazi. Usiku ulikuwa wa mapenzi na faragha kupitia Ala za Roho.

Majina yenyewe ni ushahidi. Power Breakfast na XXL ni Kiingereza kitupu na yanaashiria ulimwengu wa mbali ambao kijana wa mjini alitamani kujihesabu ndani yake. Jahazi linatoka pwani: ni chombo kinachobeba abiria wengi wasiojuana na kuwapeleka bandari moja, sitiari inayoafiki safari ya jioni. Ala za Roho linacheza na neno la taaluma ya muziki, likiifanya roho kuwa chombo kinachopigwa. Amplifaya ni neno la kigeni lililoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, kana kwamba kituo kinatangaza kwamba hata kifaa cha kukuza sauti kimeshakuwa cha nyumbani. Ratiba ya RTD ilizungumza kwa jina la taifa. Ratiba hii ilizungumza kwa majina ya mtaa, bandari na ughaibuni kwa pamoja.

Leo Tena inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kupitia sehemu yake ya Hekaheka, visa vya watu wa kawaida kuhusu ndoa, imani, udanganyifu na majirani viliingia hewani. Redio ya taifa ilizungumzia familia kama somo. Hekaheka iliizungumzia kama kisa. Upande mmoja, jambo hili liliwapa nafasi watu ambao hawakuwahi kuhesabiwa kuwa habari, hasa wanawake wa uswahilini. Upande mwingine, liliugeuza mfadhaiko wa mtu kuwa burudani ya mwingine, na mipaka ya faragha ikawa suala la kuamuliwa na mtangazaji. Lango lilifunguliwa, lakini aliyepita humo hakuwa na uhakika wa namna atakavyopokewa ndani.

5.0 Kiswahili cha Nani?

Nchini Kenya, ushindani wa redio za kibiashara ulipanuka kwa njia ya lugha za jamii. Kameme FM, kwa mfano, ilianza mwaka 2000 kwa Kikikuyu. Tanzania haikufuata njia hiyo, kwa kuwa masharti ya utangazaji yamevitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Matokeo yake hayajajadiliwa vya kutosha. Vituo vilipokatazwa kushindana kwa lugha tofauti, vililazimika kushindana kwa namna tofauti za kuisema lugha ileile. Mtindo ukawa bidhaa.

Clouds FM ilichagua mtindo wa mazungumzo ya vijana wa Dar es Salaam: sentensi fupi, utani, kuchanganya Kiingereza, na msamiati wa mitaani. Jina la muziki wenyewe, Bongo Flava, ni zao la mazingira hayo. Kubuniwa kwake hunasibishwa kwa kawaida na Mike Mhagama wa Radio One katikati ya miaka ya 1990. Bongo, kutokana na ubongo, lilikuwa jina la utani la mji na kisha la nchi ambamo bila akili mtu haishi. Neno hilo lisingeweza kubuniwa katika kikao cha usanifishaji, na hiyo ndiyo sababu lilidumu.

Lawama kwamba redio za FM zinaharibu Kiswahili zimesikika tangu vituo hivyo vianze. Lawama hizo zina msingi pale mtangazaji anapokosa msamiati wa jambo na kukimbilia Kiingereza kwa uvivu. Hata hivyo, zinachanganya mambo mawili. Katika taarifa ya habari, vituo vya kibiashara viliendelea kutumia lugha inayokaribia usanifu, kwa sababu taarifa ya habari hutafuta kuaminiwa. Katika kipindi cha burudani, walitumia lugha ya mitaani, kwa sababu burudani hutafuta ukaribu. Kilichotokea si kufa kwa Kiswahili sanifu hewani, bali kuondolewa kwake katika kiti cha pekee. Mtu aliyezungumza kama watu wa Manzese au Temeke alipata kusikika bila kwanza kujifunza kuzungumza kama afisa.

Lakini ufunguzi huu ulikuwa na upande uliofungwa. Kiswahili kilichopata hadhi mpya kilikuwa cha vijana wa mji mmoja. Kituo kilipopanua matangazo yake kwenda mikoani, mtindo huo ulisafiri nacho. Kijana wa Mwanza au Mbeya aliyetaka kuwa mtangazaji au msanii alijikuta mbele ya kipimo kipya. Awali alitakiwa aseme kama RTD. Sasa alitakiwa aseme kama Kinondoni. Usanifishaji wa serikali ulikuwa na kamusi na kanuni zilizoandikwa ambazo mtu angeweza kuzisoma. Usanifishaji wa soko haukuwa na kitabu.

6.0 Redio, Jukwaa na Darasa

Nguvu ya pekee ya Clouds haikutokana na masafa peke yake. Kampuni ilikuza tamasha la Fiesta, ambalo kila mwaka lilizunguka mikoani na kwa miaka mingi lilihitimishwa Dar es Salaam katika viwanja vya Leaders. Mwaka 2005 Ruge Mutahaba alianzisha Tanzania House of Talent (THT), taasisi iliyowalea vijana katika uimbaji, upigaji ala na kucheza. Barnaba, Mwasiti na Linah ni miongoni mwa waliopita humo. Miradi kama Fursa, iliyohimiza ujasiriamali wa vijana, na Malkia wa Nguvu, iliyotambua mafanikio ya wanawake, iliongeza nafasi ya kampuni katika maisha ya umma. Televisheni nayo ilifuata.

Muunganiko huu uliwapa wasanii manufaa yasiyokanushika. Katika kipindi ambacho soko la kanda lilikuwa likidhoofishwa na wizi wa kazi za sanaa, jukwaa lilikuwa chanzo cha kipato chenye uhakika zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyounda Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA), iliweka msingi wa msanii kulipwa kazi yake inaporushwa hewani. Lakini kati ya sheria na mfuko wa msanii kulikuwa na masafa marefu. Kwa wengi, kupigwa redioni hakukuwa malipo. Kulikuwa tangazo la kumwezesha kualikwa jukwaani, na jukwaani ndiko kulikokuwa na malipo. Alex Perullo, katika Live from Dar es Salaam (2011), ameonesha kwamba uchumi wa muziki wa jiji hili baada ya soko huria haueleweki bila kuwatazama pamoja watangazaji, watayarishaji, wasambazaji na wanamuziki.

Tatizo linajitokeza hapohapo penye manufaa. Pale redio inayochagua nyimbo, jukwaa linalolipa na darasa linalolea vipaji vinapokuwa chini ya paa moja, msanii asiyeelewana na mwenye nyumba hapotezi mlango mmoja, hupoteza yote. Malalamiko ya aina hiyo yalifika hadharani. Mwaka 2011 Joseph Mbilinyi (Sugu), mwanamuziki mkongwe ambaye mwaka uliotangulia alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, aliongoza harakati ya Anti-Virus iliyoukosoa vikali uongozi wa Clouds. Mwaka 2013 ukafuata mvutano wa hadharani na Lady Jaydee, ambaye kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mtangazaji wa kituo hichohicho. Makala haya hayakusudii kuamua nani alikuwa na haki katika migogoro hiyo. Umuhimu wake wa kihistoria ni kwamba yaliyokuwa manung'uniko ya vibarazani yalianza kuelezwa kwa lugha ya haki: je, mmiliki wa leseni ya masafa, ambayo ni mali ya umma, ana uhuru kamili wa kumnyamazisha msanii, au ana deni kwa umma?

Katika enzi ya RTD swali hilo lisingeulizwa kwa namna hiyo, kwa kuwa bawabu alidai kulinda lango kwa niaba ya taifa. Bawabu wa kibiashara alisema analilinda kwa niaba ya wasikilizaji. Lakini mapato yake yalitoka kwa wadhamini, na wasikilizaji hawakuwa na kikao cha kumwajibisha zaidi ya kubadili stesheni.

Soko lilitoa jibu la kimya. EFM ilianza mwaka 2014 na kujenga hadhira kwa kuupa nafasi muziki wa singeli, muziki wa uswahilini ambao vituo vikubwa viliuchukulia kuwa wa pembeni. Msanii Diamond Platnumz alikwenda mbali zaidi: badala ya kubisha hodi, alijenga nyumba yake, akianza na televisheni ya Wasafi na baadaye redio ya Wasafi FM. Kitendo hicho ni uthibitisho wa nguvu ya lango la zamani na wa kudhoofika kwake kwa wakati mmoja. Hata hivyo, aliyeweza kujenga nyumba alikuwa tayari amekwisha kuwa tajiri. Na nyumba mpya nayo iliunganisha msanii, lebo, jukwaa na redio kwa mfano uleule.

7.0 Kiwanja cha Nani?

Usiku wa tarehe 17 Machi 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliingia katika ofisi za Clouds akiwa na askari wenye silaha. Waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya kuchunguza tukio hilo na kuipokea ripoti yake tarehe 22 Machi. Siku iliyofuata uteuzi wa Waziri huyo ulitenguliwa.

Kwa mjadala huu, tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba suala lililobishaniwa lilihusu kurushwa kwa maudhui ya kipindi cha mambo ya watu mashuhuri. Burudani, ambayo kwa muda mrefu ilionekana kuwa eneo salama la redio ya kibiashara kwa sababu haikuwa siasa, ilidhihirika kuwa siasa pale ilipogusa watu wenye nguvu. La pili ni kwamba wafanyakazi wa kituo walijikuta wakitetea jambo ambalo wasanii waliokilalamikia walilidai kutoka kwao: kwamba uamuzi wa kinachopita langoni ufuate utaratibu unaofahamika, usifuate nguvu ya anayebisha.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Agosti 2020, kuelekea Uchaguzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia Clouds TV na Clouds FM kwa siku saba. Kosa lililotajwa ni kurusha taarifa za wagombea waliopita bila kupingwa kabla hazijathibitishwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi. TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo iliyorithi kazi za Tume ya Utangazaji. Kuzimwa huko kulikumbusha jambo ambalo miaka 20 ya muziki na vicheko ilikuwa imelifunika: nyumba ni ya mfanyabiashara, lakini imejengwa katika kiwanja cha leseni, na hati ya kiwanja iko serikalini.

Kati ya matukio hayo mawili, tarehe 26 Februari 2019, Ruge Mutahaba alifariki dunia nchini Afrika Kusini, akazikwa mkoani Kagera. Siku chache baadaye, tarehe 7 Machi, alifariki Ephraim Kibonde, mmoja wa sauti za Jahazi. Ukubwa wa maombolezo hayo, yaliyowakutanisha viongozi wa serikali, wapinzani na wasanii, unaonesha kwamba kituo kilikuwa kimekwisha kuwa taasisi ya umma kwa hadhi, ingawa kwa umiliki kilibaki cha binafsi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya Clouds FM haiingii vizuri katika simulizi la kutoka kufungwa hadi kufunguliwa. Kituo kilifungua: lugha ya vijana ilipata kiti, muziki uliodharauliwa ulipata jukwaa, na watu wa kawaida walipata kusimulia visa vyao. Kituo pia kilifunga: kiliunganisha malango yaliyostahili kutenganishwa, na vigezo vyake vya uteuzi havikuandikwa mahali ambapo anayeathirika angeweza kuvisoma. Mambo hayo mawili hayakupishana kwa vipindi. Yalitendeka pamoja na kwa nyenzo zilezile, kwa kuwa kilichompa msanii mmoja njia ya kupita ndicho kilichomfanya mwingine asiwe na njia nyingine.

Matokeo haya yana athari kwa utafiti na kwa sera. Kwa utafiti, yanapendekeza kwamba redio za kibiashara zisichunguzwe kwa ratiba zao peke yake, bali pamoja na matamasha, shule za vipaji na mikataba ya udhamini inayozizunguka. Vilevile, mjadala wa Kiswahili cha redio uondoke katika lawama ya uharibifu na uelekee katika swali la nani anapewa hadhi ya kusikika na nani ananyimwa. Kwa sera, yanaonesha kasoro ya mfumo unaomsimamia mtangazaji pale tu anapoiudhi serikali, lakini hauna la kusema anapomfungia msanii au anapoianika faragha ya msikilizaji. Leseni imemfanya bawabu amwogope mwenye kiwanja. Bado haijamfanya awajibike kwa aliyesimama nje ya mlango.